Taasisi ya utafiti wa uhusiano wa Afrika Mashariki: anzeni na mpaka mmoja

SWALI: Sisi ni vijana watano, wahitimu wa uhusiano wa kimataifa, tunaishi Arusha. Tunataka kuanzisha taasisi isiyotengeneza faida itakayotafiti uhusiano wa nchi za Afrika Mashariki na kuzishauri serikali. Tumechanga shilingi milioni 24. Ubalozi mmoja umeonyesha nia ya kugharamia kongamano letu la uzinduzi. Tuanzie wapi, tujisajili vipi, hela ya ubalozi tuipokee, na machapisho yetu yawe kwa Kiswahili au Kiingereza?

JIBU: Ndugu zangu, nianze na hilo la kongamano kwa kuwa ndilo lenye haraka. Mshukuruni balozi, halafu mkatae. Kongamano la watu mia moja na ushee katika hoteli ya Arusha litakula miezi mitatu ya kazi ya wote watano: barua za mialiko, ukumbi, chakula, malazi, orodha ya kusaini posho. Asubuhi inayofuata mtakuwa na picha na bango, na hamtakuwa na jambo hata moja mnalolijua ambalo wizara haikulijua. Baya zaidi ni kwamba mtakuwa mmeshapata jina la waandaaji wa vikao. Mfadhili wa pili naye atawaletea kikao.

Taasisi ya utafiti wa sera huishi kwa kuwa na kitu ambacho mwenye mamlaka anakihitaji na hawezi kukipata kwa urahisi kwingine. Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki ina maofisa dawati wanaosoma hotuba, mikataba na magazeti ya nchi jirani kila siku, na wana telegramu za balozi zao. Mkiwaandikia uchambuzi wa hotuba ya rais wa nchi jirani mtakuwa mnampelekea mvuvi samaki. Asichokuwa nacho ofisa dawati ni habari ya kilichotokea Namanga Jumatano saa nane mchana, na kama kilitokea pia Jumatano iliyopita, na ile ya mwezi uliopita.

Uhusiano wa nchi zetu hauendi mbali na mambo kama hayo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na ukabaki umefungwa hadi 1983. Katika miaka hiyo mpatanishi Victor Umbricht, mwanadiplomasia wa Uswisi, alikuwa na kazi ya kuhesabu na kuthamini mali za jumuiya iliyokufa: mabehewa, ndege, meli, majengo. Mkataba wa kugawana mali na madeni ulitiwa saini Arusha Mei 1984. Karibu na siku zetu, Machi 2021, Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka. Zuio liliondolewa ndani ya siku chache, lakini kwa masharti: mwingizaji asajiliwe, na shehena iwe na cheti kuonyesha kwamba sumukuvu haizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Wachambuzi wengi waliandika kuhusu siasa za Nairobi na Dodoma. Swali la nani anapima, kwa kifaa gani, kwa siku ngapi, na kama upande wa pili unakikubali cheti chake, liliachiwa madereva.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: kwa mwaka wa kwanza msiwe taasisi ya Afrika Mashariki nzima. Muwe watu wanaoijua Namanga kuliko mtu yeyote. Iko kama kilomita 110 kutoka mlipo. Na Arusha hiyo hiyo ndiko iliko Sekretarieti ya Jumuiya, Bunge la Afrika Mashariki na Mahakama yake. Msomaji wenu wa kwanza anafikika kwa daladala.

Kupima mpaka

Namanga ina Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani kilichozinduliwa rasmi tarehe 1 Desemba 2018. Maana yake lori husimama mara moja tu, upande wa nchi linakoingia, na maofisa wa nchi zote mbili wanalishughulikia hapo. Hapa ndipo wageni wa kazi hii hukosea: humweka mhesabuji kwenye jengo la upande wa Tanzania, akahesabu malori yaendayo Kenya, akaona yanapita haraka sana. Yanapita kwa sababu shughuli yake iko ng'ambo. Mnahitaji watu wawili, mmoja kila upande, wenye fomu moja na saa zilizolinganishwa.

Kwa kila lori andikeni nyakati tano: lilipofika mwisho wa foleni, nyaraka zilipowasilishwa, lilipokaguliwa, lilipopata ruhusa ya kutoka, na lilipovuka geti. Nyakati mbili hazitoshi. Mkiwa na ya kuingia na ya kutoka peke yake mtasema "forodha inachelewesha", kumbe saa tisa kati ya kumi lori lilikuwa linamsubiri wakala ambaye hajalipiwa ushuru na tajiri yake. Mkichapisha kosa hilo mara moja, mlango wa forodha umefungwa kwenu.

Msichague malori kwa macho. Chukueni kila lori la tano tangu saa mbili asubuhi hadi mfikishe 15. Mhesabuji akiachiwa kuchagua atamfuata dereva mcheshi. Fanyeni siku mbili kwa wiki, moja yenye gulio na moja ya kawaida, na msizibadilishe. Hayo ni malori 60 kwa wiki kwa pande zote mbili. Tenganisheni mizigo ya kupita kwenda nchi ya tatu na mizigo inayoingia sokoni, na muwatenge wale wafanyabiashara ambao forodha imewatambua kuwa waaminifu na huwapitisha haraka. Vyote vikichanganywa, namba itakayopatikana haina maana.

Na msitumie wastani wa kawaida. Chukua malori matano yaliyotumia saa 6, 7, 8, 9 na 220, hilo la mwisho likiwa limekamatwa kwa nyaraka za kughushi. Wastani wake ni saa 50, na hakuna hata lori moja lililokaa saa 50. Namba ya katikati ni 8. Chapisheni namba ya katikati, kisha mseme ni malori mangapi yalizidi saa 24.

Wafanyabiashara wadogo wana fomu yao. Mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ukiwa wa bidhaa zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa, unaruhusiwa kupita kwa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, yaani cha kuonyesha bidhaa imetoka nchi ya Jumuiya. Mwulizeni mama mwenye nyanya: cheti alikipata? Alilipa nini, kwa nani, alipewa risiti? Kama alipita njia ya panya, kwa nini? Jibu la "kukwepa ushuru" huwa si kweli mara nyingi, kwa kuwa bidhaa yenyewe haitozwi ushuru wa forodha. Wengi hukwepa muda, usumbufu wa vibali vya afya ya mimea, au kudaiwa kitu kidogo.

Bei nazo zichukuliwe pande zote mbili siku ile ile, na hapa leteni mizani. Gunia si kipimo. Gunia la lumbesa linaweza kuzidi lile la kilo 100 kwa debe zima au zaidi, na mkilinganisha bei ya gunia la Tanzania na la Kenya bila kupima mtakuwa mnalinganisha ukarimu wa wapakiaji. Pimeni magunia matatu, mwandike bei kwa kilo. Fedha mbadilishe kwa kiwango cha wabadilishaji wa pale mpakani siku hiyo, na kiwango cha Benki Kuu mkiandike pembeni. Tofauti kati ya viwili hivyo ni habari yenyewe.

Baada ya wiki 12 mtaanza kuona umbo la jambo. Kabla ya wiki 12 msichapishe chochote.

Daftari la ahadi

Kazi ya pili haihitaji nauli. Kila mkutano wa Wakuu wa Nchi hutoa taarifa ya pamoja. Chambueni kila uamuzi mmoja mmoja mkauweke kwenye jedwali: umesema nini hasa, umeagizwa kwa chombo gani, tarehe ya kukamilika, na ushahidi gani ukionekana mtaamini umetekelezwa. Kila miezi mitatu mrudi kwenye jedwali. Wakuu huamua kwa maafikiano, Mkataba unavyotaka, na hilo huacha alama kwenye lugha: panapoandikwa "umepokea taarifa" au "umeelekeza Baraza liendelee kulishughulikia", mjue hapakuwa na mwafaka. Maneno hayo yahesabuni tofauti na "umeamua".

Msiishie kwenye taarifa ya pamoja. Mfano mzuri ni ushuru wa pamoja wa forodha, ule unaotozwa bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya. Tangu tarehe 1 Julai 2022 una viwango vinne, asilimia 0, 10, 25 na 35. Mtu akisoma hapo atadhani nchi zote zinatoza sawa. Fungueni Gazeti la Jumuiya linalotoka karibu na mwanzo wa mwaka wa fedha. Humo kila nchi imeorodhesha bidhaa ambazo kwa mwaka huo itatoza kiwango chake yenyewe. Orodha hizo ni ndefu na zinachosha, ndiyo sababu hazina wasomaji wengi. Mkizilinganisha za miaka mitano mfululizo, bidhaa moja moja, mtakuwa na chapisho ambalo hata maofisa wa biashara watalitunza mezani.

Tabia hiyo ya kusoma viambatisho iwaongoze kote. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu na saluni, na Kenya ikalalamika. Karibu kila mtu alinukuu mwili wa Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika 2010. Lakini kila nchi ilijifunga kwa kiasi chake, na kiasi hicho kimeandikwa kwenye jedwali la ahadi zake lililoambatishwa nyuma. Mchambuzi ambaye hajalinganisha biashara zile 15 na jedwali la Tanzania, moja baada ya nyingine, hawezi kusema amri inakiuka au haikiuki.

Kumbukeni pia nani yuko wapi. Tanzania ni mwanachama wa Jumuiya na wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na ilijitoa COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, mwaka 2000. Kenya iko Jumuiya na COMESA. Kongo iliyoingia Jumuiya mwaka 2022 iko pia SADC na COMESA. Bidhaa ile ile yaweza kuvuka mpaka ule ule kwa kanuni mbili tofauti za uasili, na wakala mjanja huchagua iliyo nafuu. Mkikuta namba zenu hazieleweki, kagueni hapo kwanza.

Mtashawishika kuanza na vita vya mashariki mwa Kongo kwa kuwa ndivyo vinavyozungumzwa. Subirini. Kikosi cha Jumuiya kiliingia Novemba 2022 kikaondoka Desemba 2023, kikafuatiwa na cha SADC ambacho nacho kiliamriwa kuondoka Machi 2025. Mkutano wa pamoja wa jumuiya hizo mbili ulifanyika Dar es Salaam tarehe 8 Februari 2025, Goma ikiwa imeshatekwa na waasi wa M23. Wanaoufuatilia mgogoro huo kwa karibu wana watu ndani tangu miaka ya tisini, Pole Institute ya Goma ikiwa mojawapo. Ninyi mkiwa Arusha mtaongeza kelele, na mkimhoji mtu kwa simu kizembe mwaweza kumponza. Athari za vita hivyo kwa malori ya Rusumo, mpakani na Rwanda, na Kabanga, mpakani na Burundi, hilo mnaliweza mwaka wa pili.

Vibali, sheria na usajili

Msianze kwa kusajili jina. Usajili ukikamilika saa ya wajibu imeanza kugonga: taarifa za mwaka, hesabu zilizokaguliwa, ada. Lakini pia msifanye kazi kama taasisi bila usajili, ni kosa. Njia ya katikati ni kufanya miezi sita hadi tisa ya kwanza chini ya mwenyeji, chuo au taasisi ambayo tayari imesajiliwa, kwa makubaliano ya maandishi ya kurasa mbili. Humo andikeni jambo moja kwa wino mzito: data ni ya nani mtakapoondoka. Ugomvi mwingi huanzia hapo.

Mkiwa tayari, Tanzania mtasajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya 2002, kwa Msajili aliye chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii. Maombi hufanyika kwa mfumo wa mtandaoni. Andaeni katiba, muhtasari wa kikao cha waanzilishi uliosainiwa, wasifu na picha za viongozi, na barua ya utambulisho. Cheti hudumu miaka 10. Msijaribu njia ya kampuni yenye ukomo wa dhamana mkidhani ni nyepesi. Marekebisho ya 2019 yaliziondoa kampuni za namna hiyo zinazofanya kazi za kijamii na kuzitaka zihamie kwa Msajili wa mashirika. Na usajili peke yake hauwapi msamaha wa kodi. Hadhi ya shirika la hisani huombwa Mamlaka ya Mapato (TRA), kwa maombi tofauti, na shughuli ya ushauri wa kulipwa hutozwa kodi kama biashara nyingine.

Kwa utafiti wenyewe, upande wa Tanzania mpitie Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), na mkishapata kibali mwombe barua ya Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wa Wilaya ya Longido. Msiruke ngazi. Ofisa wa mpakani haogopi maswali yenu, anaogopa kuulizwa nani aliyemruhusu kuyajibu. Upande wa Kenya leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI, tume ya sayansi ya huko, na msaada wa mshirika aliye Kenya unafupisha safari. Namba mtakazotoa ziiteni namba za utafiti wenu, zikiwa na idadi ya malori na tarehe. Sheria ya Takwimu ya Tanzania ilikazwa mwaka 2018 dhidi ya wanaotangaza takwimu zinazopingana na za taifa, ikalegezwa 2019. Hata hivyo, mwenye busara hatangazi "biashara ya Tanzania na Kenya" kwa kuhesabu geti moja. Nakala ya kwanza ipelekeni Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS).

Majina na namba za simu za mnaowahoji yanaangukia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mpeni kila mtu namba ya siri kwenye daftari. Orodha inayofungua namba hizo ikae mahali pengine, kwa mtu mmoja. Namba za magari mnazitumia kuoanisha fomu mbili, kisha mzifute. Nyaraka ya serikali yenye muhuri wa siri mkiletewa, irudisheni bila kupiga picha. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 haimwulizi mtu nia yake.

Mnachokitaka kihalali kiombeni kwa maandishi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaipa ofisi ya umma ya Tanzania siku 30 kumjibu raia. Ya Kenya, pia ya 2016, siku 21. Ombi liwe la jambo moja linalotajwa kwa jina na mwezi. "Takwimu zote za biashara" halijibiki.

Pesa

Milioni 24 zinatosha mwaka wa kwanza kama hamtajilipa mishahara. Hesabu ya mfano, mkiweka viwango vyenu: wahesabuji wawili wanaoishi Namanga, siku mbili kwa wiki, wiki 48, shilingi 30,000 kwa siku, ni 5,760,000. Vocha za wawili kwa mwaka 360,000. Safari ya watafiti wawili kila mwezi kukagua fomu, kwa 60,000 kila mmoja, ni 1,440,000. Uhariri na upangaji wa kurasa wa machapisho manne, 1,400,000. Kuchapa nakala 150 za kila moja kwa 2,500, ni 1,500,000. Jumla 10,460,000. Zinabaki zaidi ya milioni 13 za usajili, ukaguzi wa hesabu, ofisi ya kupanga na akiba. Mhesabuji aishi hapo hapo mpakani. Mkimpandisha gari kutoka Arusha, siku ya mvua hataenda, na fomu itajazwa kwenye mgahawa. Safari ya kila mwezi ya ukaguzi iwe ya kushtukiza.

Wafadhili watakuja baadaye. Mwaka 2014 gazeti la New York Times lilionyesha jinsi serikali za nje, Norway ikiwemo, zilivyokuwa zikitoa mamilioni ya dola kwa taasisi kubwa za utafiti za Washington huku zikitarajia kusukumiwa ajenda zao, na taasisi zilizojenga jina kwa miongo mingi zikajikuta zinajieleza. Ninyi hamna hata mwaka mmoja wa jina la kujitetea nalo. Wekeni kanuni kabla hela haijafika: hakuna mfadhili mmoja anayezidi asilimia 30 ya bajeti, jina na kiasi chake hutangazwa, hakuna hela ya serikali iliyo upande katika mgogoro mnaoutafiti. Kwenye mkataba kuwe na kifungu kwamba mtachapisha matokeo yoyote yatakayopatikana, na kwamba mfadhili ataona rasimu siku ile ile wanayoiona wasomaji wengine, na atakuwa na siku 14 za kusahihisha ukweli, si maoni. Mfadhili akikataa kifungu hicho, amewaambia anachonunua.

Kwa Tanzania, fedha zinazozidi shilingi milioni 20 zina masharti ya uwazi tangu kanuni za 2018, na mkataba wake unatakiwa kufikishwa kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10 baada ya kusainiwa. Wekeni tarehe hiyo kwenye kalenda siku ya kusaini.

Angalieni pia gharama za uendeshaji. Ruzuku nyingi za Umoja wa Ulaya huruhusu hadi asilimia 7 tu juu ya gharama za moja kwa moja. Kodi ya ofisi, mhasibu na umeme havitoshi humo, na taasisi huanza kuukopa mradi mmoja ili kuulipia mwingine. Hiyo ndiyo njia ya kawaida ya kufa. Njia ya pili ni kumtegemea mfadhili mmoja: USAID ilipofungwa mwaka 2025, mashirika mengi ya ukanda huu yalipunguza watu ndani ya wiki chache.

Watu na vikao

Bodi ya watu saba inatosha, kipindi cha miaka mitatu, na mtu asizidishe vipindi viwili. Balozi mstaafu mmoja ni wa thamani kwa kufungua milango, watatu ni hatari: mtaanza kuandika kama waraka wa wizara. Bodi isimamie fedha na maadili, isipitishe matokeo ya utafiti. Saini za benki ziwe mbili kati ya tatu. Andikeni mwongozo wa kurasa kumi wa jinsi fomu zinavyojazwa na kusafishwa, kwa sababu mwaka wa pili mmoja wenu, tena yule hodari, atapata kazi Umoja wa Mataifa.

Hakuna chapisho kuhusu nchi mbili litoke bila mwandishi wa kila upande. Watanzania watano wakiandika kuhusu ugomvi na Kenya, hata wakisema kweli tupu, Nairobi watasoma majina kwanza.

Vikao vyenu viwe vya watu 12, saa mbili, chai na nauli, bila posho ya kikao. Atakayekuja ndiye mnayemtaka. Wengi hutumia kanuni ya Chatham House, taasisi ya utafiti ya London, ya mwaka 1927: unaruhusiwa kutumia ulichokisikia, huruhusiwi kumtaja aliyekisema wala taasisi anayotoka. Mtego wake ni udogo wa ukumbi. Kama Mkenya wa serikali alikuwa mmoja tu mezani, kuandika "ofisa wa nchi jirani alisema" ni kumtaja jina.

Chapisho, na lugha yake

Muhtasari wa sera usizidi kurasa nne. Ukurasa wa kwanza uwe na mapendekezo, kwa kuwa ndio unaosomwa garini. Mapendekezo matatu yanatosha. Kila moja liseme nani afanye, kwa chombo gani cha kisheria, kufikia lini, na litagharimu nini. "Serikali ziimarishe ushirikiano" hakuna anayeweza kulitekeleza wala kulikataa. Linganisheni na hili: "Mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, TBS na KEBS, yatambue, kwa barua ya pamoja kabla ya msimu wa mavuno wa Julai, vyeti vya sumukuvu vya maabara zilizoorodheshwa hapa chini, ili shehena isipimwe mara mbili." Hilo ofisa anaweza kulipigia simu.

Muda nao una hesabu zake. Bajeti za Tanzania, Kenya na Uganda husomwa Juni, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Pendekezo la ushuru linalofika Mei ni rambirambi. Lifike kabla ya Machi. Kongo mwaka wake wa fedha huanza Januari, kwa hiyo kalenda ya Kinshasa ni nyingine kabisa.

Kiswahili au Kiingereza? Andikeni kwa Kiswahili kwanza, halafu mtoe toleo la Kiingereza la kurasa zile zile wiki hiyo hiyo. Wakuu wa Nchi walikubali Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya mwaka 2021, lakini sababu yangu ni ya kikazi zaidi: wakala wa forodha na mama mwenye nyanya ndio waliowapa data, nao wakiisoma watawaambia mlipokosea. Chapisho la Kiingereza huchelewa kupata masahihisho hayo. Tengenezeni orodha yenu ya maneno tangu siku ya kwanza na msiyabadilishe: vikwazo visivyo vya kiforodha, cheti cha uasili wa bidhaa, mizigo ya kupita, ushuru wa pamoja. Neno moja likiitwa majina matatu katika kurasa nne, msomaji hudhani ni vitu vitatu. Mkifika hatua ya Rusumo na Kabanga, mtafuteni mtu wa Bujumbura na mwingine wa Bukavu wasome rasimu kabla haijatoka. Kiswahili chao kimepakana na Kifaransa, na fomu ya forodha iliyoandikwa kwa Kiswahili cha Dodoma yaweza kujazwa Bukavu kwa maana nyingine kabisa.